Dawa ya kuzuia kemokini: je, tumnunulie baba mwenye saratani ya tumbo?

*Swali: "Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, ni mkulima wa kahawa na migomba huko Marangu. Mwezi wa pili alipimwa tumbo kwa kamera, wakachukua kinyama, majibu yakaja kuwa ni saratani ya tumbo. CT-scan ikaonyesha imeshasambaa kwenye utando wa ndani ya tumbo, na sasa tumbo linajaa maji. Ameshapata mizunguko miwili ya dripu za kemotherapia. Kaka yangu aliyeko Muscat ametutumia makala inayosema kemokini ndizo zinazoisambaza saratani ya tumbo, na kwamba dawa ya kuzizuia ipo tayari, inaitwa pleriksafori, imeidhinishwa Marekani. Amepata mtu wa kutununulia India. Tumekaa kikao cha familia, tunafikiria kuuza kiwanja cha Himo. Je, tumwombe daktari asimamishe dripu ampe hiyo? Mama mdogo naye anatengeneza juisi ya manjano na tangawizi, anasema inafanya kazi hiyo hiyo. Sisi watoto tuko watano."*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Umpe pole na mama mdogo, kwa sababu mtu anayesaga manjano usiku kwa ajili ya shemeji yake anastahili heshima kabla ya kusahihishwa.

Nianze na jibu, maana mnunuzi wa kiwanja huenda ameshapatikana. Msiuze kiwanja kwa ajili ya pleriksafori, na msiombe kemotherapia isimamishwe ili baba apewe hiyo. Makala aliyoituma kaka yako haikudanganya kuhusu sayansi. Ni kweli kemokini zinahusika katika kusambaa kwa saratani ya tumbo, na ni kweli dawa hiyo ipo na imeidhinishwa. Lakini haikuidhinishwa kwa ugonjwa alio nao baba, na ukishaelewa inavyofanya kazi utaona kwa nini.

Kwanza tutenganishe majina, kwani nimeona wengi wakichanganya. Kemokini si kemotherapia. Kemotherapia ni dawa anayowekewa baba kwenye mshipa. Kemokini ni protini ndogo sana ambazo mwili wake, na wako pia, unazitengeneza kila siku. Kwa binadamu zimeshatambuliwa takriban 50. Kazi yake kubwa ni kuita. Ukichomwa na mwiba shambani, seli za pale kidoleni humwaga kemokini, na seli nyeupe zilizokuwa zinapita kwenye damu huacha njia zikafuata, zikitoka panaponukia kidogo kwenda panaponukia sana, kama mtoto anayefuata harufu ya maandazi mpaka jikoni kwa jirani. Ili seli inuse inahitaji pua, na pua hiyo tunaiita kipokezi. Vipokezi vya kemokini viko takriban 20, na seli isiyo na kipokezi kinachofaa hupita hapo bila kugeuka. Kwa hiyo usizione kemokini kama sumu iliyoingia mwilini mwa baba. Bila hizo hata kidonda kidogo kingemshinda.

Sasa kuna kemokini moja iitwayo CXCL12, na pua yake inaitwa CXCR4. Ndani ya mifupa yetu, kwenye uboho, CXCL12 ni nyingi, na harufu hiyo ndiyo inayozifanya seli mama za damu, yaani zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, zitulie nyumbani badala ya kuzurura kwenye mishipa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba seli za saratani ya matiti huwa na pua hiyo hiyo ya CXCR4, na kwamba viungo ambako saratani hiyo hupenda kuhamia, yaani mapafu, ini, uboho na tezi za limfu, ndivyo vyenye CXCL12 kwa wingi. Hapo ndipo wazo lote hili lilipopata nguvu: kwamba saratani haisambai ovyo, bali inafuata harufu. Utaona basi kwamba si ugunduzi wa juzi. Umefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walileta habari inayomgusa baba yako kabisa. Walichunguza saratani ya tumbo iliyosambaa kwenye utando ule unaofunika viungo vya ndani, wakakuta CXCL12 kwenye utando wenyewe na kwenye maji yanayojaa tumboni, na CXCR4 kwenye seli za saratani. Walipowapa panya dawa ya kuziba CXCR4, uvimbe ulipungua na maji yakapungua. Dawa waliyoitumia ni hiyo hiyo pleriksafori. Kwa hiyo namwelewa kaka yako. Mtu yeyote mwenye baba ambaye tumbo linajaa maji angesoma hayo na moyo ungemruka.

Lakini panya waliwekewa seli za saratani na kutibiwa ndani ya muda mfupi, katika mazingira yaliyopangwa. Tangu wakati huo haujatokea utafiti mkubwa kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo ulioonyesha kwamba kuziba CXCR4 kunawaongezea maisha.

Historia ya dawa yenyewe inasaidia kuelewa. Pleriksafori, inayouzwa kwa jina la Mozobil, ilianza kutafutwa kama dawa ya virusi vya UKIMWI, kwa sababu baadhi ya virusi hivyo hutumia CXCR4 kama mlango wa kuingilia kwenye seli. Huko haikufika mbali, ila madaktari waliona jambo ambalo hawakulitegemea: waliochomwa sindano hiyo, seli nyeupe ziliongezeka kwenye damu. Ilikuwa imeziba pua, seli za kwenye uboho hazikusikia tena harufu ya nyumbani, zikatoka nje. Ndiyo maana mwaka 2008 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi moja: kuzitoa seli mama kwenye mifupa ya wagonjwa wa aina fulani za saratani za damu na limfu, zivunwe, zihifadhiwe, kisha warudishiwe baada ya matibabu makali. Hutolewa kwa siku chache tu, chini ya uangalizi. Haiui seli ya saratani. Maelezo ya dawa yenyewe yanaonya kwamba pamoja na seli mama inaweza kuzitoa seli za saratani zilizokuwa kwenye uboho na kuziingiza kwenye damu, na kwamba bandama inaweza kuvimba, hata kupasuka. Sindano ya namna hiyo hainunuliwi kupitia mtu wa katikati na kuchomwa nyumbani.

Kuna na ugumu mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote kwa hali ya baba. Kuziba pua kunazuia safari. Saratani ya baba imeshasafiri, imeshafika, imeshajenga. Ukikata harufu leo, zile seli zilizokwisha kujishikiza kwenye utando hazirudi zilikotoka. Zinaendelea kula na kuzaana palepale. Kinachohitajika kwake sasa ni dawa inayoziua au inayoamsha kinga ya mwili iziue.

Halafu kemokini hazifanyi kazi moja moja. Pua moja hunusa harufu kadhaa, na harufu moja hunuswa na pua zaidi ya moja. CXCL12 yenyewe ina kipokezi cha pili. Ukiziba kimoja, mwili na saratani hutafuta njia nyingine. Watafiti waliwahi kujaribu kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa maabara, ya kunasa kemokini nyingine, CCL2, ambayo saratani huitumia kuita seli za kuilinda. Kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume kiwango cha CCL2 kilishuka kwa muda mfupi tu, kisha kikapanda kupita kilivyokuwa mwanzo, na uvimbe haukupungua. Mwaka 2014 kukatoka utafiti wa panya wenye saratani ya matiti ulionishtua: dawa ya kuzuia CCL2 iliposimamishwa, seli zilizokuwa zimezuiliwa kwenye uboho zilimwagika kwa pamoja, saratani ikasambaa kwa kasi zaidi na panya wakafa mapema. Fikiria sasa familia inayonunua dozi kwa kuuza kiwanja, pesa zikaisha katikati. Sisemi pleriksafori ingefanya hivyo kwa baba, kwani ni dawa nyingine na kemokini nyingine. Nasema kuingilia mfumo huu nusu nusu si jambo lisilo na madhara.

Tena kemokini nyingine ni marafiki wa baba. CXCL9 na CXCL10 ndizo zinazoziita seli za kinga zenye uwezo wa kuua saratani ziingie ndani ya uvimbe. Huwezi kusema "zuia kemokini" kwa jumla, kama vile huwezi kusema "funga barabara zote" kwa sababu mwizi alipita moja. Na gari la wagonjwa lipite wapi?

Nisikuache ukidhani mlango umefungwa. Dawa inayolenga kipokezi cha kemokini imeshawahi kuwa dawa kamili ya saratani. Mogamulizumabu ilikubaliwa Japani mwaka 2012 kwa aina moja ya saratani ya damu, na Marekani mwaka 2018 kwa saratani za limfu zinazoshika ngozi. Lakini angalia inavyofanya kazi: haizibi pua. Inaitumia ile pua, CCR4, kama alama ya kuitambua seli mbaya, kisha kinga ya mwili inaimaliza. Mantiki hiyo sasa inajaribiwa kwa saratani za uvimbe, yaani zisizo za damu, kupitia kipokezi kingine, CCR8, kilichojaa kwenye zile seli za kinga ambazo saratani imezigeuza kuwa walinzi wake. Kingamwili za kulenga CCR8, pamoja na tiba ya kinga, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, zinajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, hasa China. Na kuziba CXCR4 nako hakujaachwa: mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya awali kwa saratani ya kongosho, ambapo dawa ya aina hiyo ilichanganywa na tiba ya kinga na kemotherapia, kwa nia ya kuzifungulia seli za kinga njia ya kuingia kwenye uvimbe. Mimi nadhani hapo ndipo penye matumaini: kemokini kama msaidizi wa dawa nyingine. Ila hayo yote bado ni majaribio. Kama kaka yako anataka kutumia intaneti kwa manufaa, atafute kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya Marekani inayoorodhesha majaribio ya tiba, majaribio ya saratani ya tumbo yanayopokea wagonjwa kutoka nje. Jaribio la kweli halimuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Lina kibali cha kamati ya maadili, na kwa hapa Tanzania lazima NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wawe wanalifahamu. Mtu akikwambia "ni jaribio, tuma nusu ya pesa kwanza", kata simu.

Sasa twende kwenye kinachoweza kubadili matibabu ya baba mwezi huu. Kile kinyama kilichokatwa wakati wa kamera hakikutupwa. Kimehifadhiwa kwenye nta katika maabara ya patholojia, na kinaweza kupimwa tena bila baba kuguswa. Ombeni kipimwe HER2 na MMR kwanza, halafu PD-L1 na klaudini 18.2 kama inawezekana. Hizo ni protini za kwenye seli za saratani zinazoonyesha dawa gani inaweza kumfaa; MMR ni zile zinazorekebisha makosa ya vinasaba. Mko karibu na KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Waulizeni ni vipimo gani wanafanya hapo na vipi vinatumwa Dar es Salaam au Nairobi. Kipande hicho husafiri bila barafu, hata kwa basi.

HER2 ikiwa chanya, na katika utafiti mmoja mkubwa ilikuwa hivyo kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5, kuna trastuzumabu, dawa ambayo hospitali zetu za saratani zinaijua kwa sababu hutumika kwa saratani ya matiti. MMR ikionyesha kasoro, jambo linalotokea kwa wachache, tiba ya kinga inaweza kufanya kazi vizuri kwa kiasi ambacho kemotherapia haifikii, na hapo ningekuwa wa kwanza kukwambia mjadili kiwanja. PD-L1 ikiwa juu, nivolumabu au pembrolizumabu huongezwa kwenye kemotherapia. Klaudini ikiwa nyingi kuna zolbetuksimabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2024, lakini hiyo ni ghali na kuipata huku ni kazi.

Nikupe na namba, maana mnafanya uamuzi wa pesa. Kwenye utafiti wa mwaka 2010, wagonjwa wenye HER2 chanya waliopewa kemotherapia peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.1. Walioongezewa trastuzumabu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13.8. Kwa nivolumabu, wenye PD-L1 ya juu walitoka miezi 11.1 wakafika 14.4. Ni nyongeza ya kweli, na si uponyaji. Wapo walioishi miaka, wapo ambao dawa haikuwasaidia kabisa. Namba hizi hazisemi baba ataishi muda gani. Zinakusaidia kupima anayekuahidi kwamba saratani iliyosambaa "itaisha" kwa sindano kumi.

Kemotherapia aendelee nayo maadamu anaistahimili. Mizunguko miwili ni mapema mno kuihukumu. Kwa kawaida tunapima tena kwa CT-scan baada ya miezi miwili au mitatu, na hapo ndipo mnakaa na daktari kuuliza kama inafanya kazi.

Kuhusu manjano na tangawizi: ni kweli kiini cha manjano kimeonekana kupunguza baadhi ya kemokini, lakini ni kwenye vyombo vya maabara, kwa viwango ambavyo juisi haifikishi kwenye damu. Kama baba anaipenda na haimchomi, kikombe kidogo hakina neno. Vidonge vikali vya manjano vinavyouzwa madukani nisingempa wakati wa kemotherapia, maana vinaweza kuingiliana na dawa. Na juisi isichukue nafasi ya chakula. Tumbo lake halina nafasi kubwa sasa, kwa hiyo kila kijiko kiwe na nguvu: mtori uliosagwa vizuri wenye nyama, uji wa karanga na maziwa, mayai, parachichi, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mama mdogo akishika jukumu hilo la mtori atakuwa amemtibu zaidi kuliko anavyodhani.

Maji ya tumboni yanatolewa kwa sindano au mrija mwembamba. Nakutana sana na wanaoamini kwamba yakitolewa mgonjwa hufa. Kinachowatisha ni kwamba hutolewa kwa wagonjwa walio mahututi tayari. Yakitolewa hospitalini kwa utaratibu, mtu hupumua, hulala, hata hula. Yanaweza kurudi, na kama yanarudi haraka mwulizeni daktari kuhusu kuwekewa mrija wa kudumu. Maumivu nayo yana dawa. Mofini ya maji si dalili kwamba mmekata tamaa, na mgonjwa wa saratani anayeipata kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ni nadra sana kuwa teja. Mwombe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, maana mofini hufunga choo.

Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, mkiona lolote kati ya haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye kemotherapia, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, kutapika mfululizo huku hapati choo wala hewa, tumbo kuwa gumu kama ubao lenye maumivu makali, mguu mmoja kuvimba ghafla, au kuanza kuchanganyikiwa. Msingoje kliniki ya Jumanne.

Nanyi watoto watano mna la kufanya. Saratani nyingi za tumbo huanza na bakteria anayeitwa Helikobakta pilori, ambaye watu wengi humpata utotoni. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, limemweka katika orodha ya visababishi vya saratani. Na hapa kemokini zinarudi tena: bakteria huyu huzifanya seli za tumbo zimwage kemokini iitwayo interlukini-8, inayoita seli nyeupe miaka nenda rudi mpaka ukuta wa tumbo unachakaa. Korea walifuatilia watoto na ndugu wa damu wa wagonjwa wa saratani ya tumbo kwa takriban miaka 9. Waliopewa dawa ya kumwondoa bakteria, asilimia 1.2 walipata saratani. Waliopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani, asilimia 2.7. Kapimeni wote watano kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya zamani na ya sasa. Mkiwa mnatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iacheni wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne kabla, la sivyo majibu yanaweza kuwadanganya. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiwanja, na hii ndiyo pesa ambayo ningemwomba kaka yako aitume leo.

Nimalizie na jambo ambalo hukuniuliza. Katika barua yako yote kuna kikao cha familia, kuna kaka, kuna mama mdogo, lakini baba mwenyewe hasemi kitu. Je, anajua ana nini? Kiwanja ni cha nani? Nimeona wazee waliofichwa ugonjwa wao wakakisia kila kitu kimya kimya, wakaugua peke yao katikati ya watoto wao. Mkikutana na daktari wake, mwombe azungumze naye ninyi mkiwepo, na kabla ya hapo keti naye mwenyewe, umuulize anataka kujua kiasi gani, na siku zake angependa aziishi wapi. Yawezekana atakwambia anataka kupigana. Yawezekana atakwambia anataka kuwepo nyumbani msimu wa kuchuma kahawa. Majibu ya HER2 na MMR yakitoka, niandikie tena, uambatanishe picha ya karatasi yenyewe, na uniambie alivyosema.